Rasimu Yenye Kola

4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa hao watoto wa chekechea wanaokumaliza sauti. Simu nimeshakupigia kuuliza hali, sasa nakuandikia mambo yenyewe, kama tulivyozoea.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimerudi shule.

Usicheke. Chuo cha ufundi kilicho nyuma ya soko kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Mkuu wao alikuja kupunguza suruali, akanitazama ninavyokata, akasema nafasi ni yangu kuanzia Januari ijayo. Nikaanza kushukuru. Akasema, "Ila mama, lazima uwe na cheti cha Kiingereza cha kidato cha juu." Shukrani nikazirudisha mfukoni. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya cherehani nikishonea wenzangu sare za kazi, na leo kazi imekuja mlangoni yenyewe imeshika suruali mkononi. Nikajisemea, hii siiachi.

Basi kila siku saa tisa mchana nafunga duka, naenda darasani. Wenzangu wote wana umri wa binti yangu. Mwalimu wetu mwenyewe ni kijana mwembamba, mkasi wangu wa kukatia kombati umemzidi umri. Siku ya kwanza wanafunzi walisimama nilipoingia, wakidhani mimi ndiye mkaguzi.

Ametugawia karatasi ya masharti ya upimaji, nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Mtihani wa mwisho ni nusu tu ya alama. Nusu nyingine ni kazi za mwaka mzima: daftari la vitabu ulivyosoma, insha moja ndefu inayoandikwa kwa rasimu, yaani unaandika, mwalimu anasoma na kutia saini, unaandika tena, anatia tena, mpaka nakala safi. Halafu kuna kuzungumza. Dakika nane, umesimama, mbele ya watu.

Hizo dakika nane ndizo zinazoninyima raha. Mengine nitayaweza.

Dada yako,
Fundi


19 Februari

Dada Fundi,

Nimesoma barua yako chumba cha walimu nikapiga kigelegele, mpishi akatoka jikoni na mwiko. Nimemweleza. Naye amefurahi, ingawa hakujui.

Hongera, dada. Ila nawe una vituko! Nyumbani sote tunajua uliikimbia shule kwa mapenzi ya cherehani. Mama alikuwa akisema daftari lilikuwa linakuwasha mikono. Leo unalirudia mwenyewe? Na hiyo insha inahusu nini? Niambie, mimi ni mwalimu pia, hata kama wanafunzi wangu bado wanakula chaki.

Sasa nina shida. Mwisho wa muhula watoto wangu kumi na wanane wataimba mbele ya wazazi, nami kwa kiherehere changu nimeahidi kuwashonea mashati yenye kola kubwa za mviringo. Kushona naweza kidogo, kukata ndiyo sijui. Kola niliyojaribu imetoka kama sikio la tembo. Nikatie karatasi za kukatia, kola na mikono, saizi ya mtoto wa miaka mitano, mimi niweke juu ya kitambaa na kufuata. Tafadhali, usiniache niaibike.

Kitinda wako


12 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Kwenye kifurushi hiki utakuta kola moja na mikono miwili. Weka karatasi juu ya kitambaa, bana kwa pini, acha nafasi ya upana wa kidole kuzunguka ndipo ukate. Nasema kidole chako, si cha shemeji.

Nimekatia kwenye karatasi zangu za insha. Ni pana na ngumu kuliko magazeti, nazo kazi yake imekwisha, maana nakala safi nimeshaiandika na kuifungia kwenye jalada. Kwa hiyo usihangaike na maandishi ya nyuma, wala ule wino mwekundu wa mwalimu. Unanijua: mimi mteja simwonyeshi nyuzi za kushikizia. Nguo ikitoka dukani kwangu imepigwa pasi, na hakuna ajuaye nilifumua mara ngapi.

Insha inahusu nini sikuambii. Utaisoma nikifaulu.

Dada yako,
Fundi


30 Machi

Dada,

Kifurushi kilifika salama. Kola imekaa vizuri. Mashati yote kumi na manane yamekwisha na watoto wameimba. Wazazi walipendezwa.

Nakushukuru kwa msaada wako. Nakutakia masomo mema.

Mdogo wako,
Mwalimu wa chekechea


22 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho nimeigeuza nyuma na mbele nikidhani nusu nyingine imebaki kwenye bahasha. "Nakutakia masomo mema"? Hivyo ndivyo benki inavyoniandikia. Na tangu lini unajitia sahihi ya cheo? Nikasema, mtoto wa watu amechoka, mashati kumi na manane si mchezo. Pumzika, kisha niandikie vizuri.

Huku mambo yanakwenda. Daftari la vitabu limefika kitabu cha nne. Kuzungumza nako nafanyia mazoezi dukani, mbele ya lile sanamu la kuvalishia magauni. Linanisikiliza vizuri sana, kwa kuwa halina kichwa. Juzi mteja aliingia akanikuta nalieleza kwa Kiingereza namna ya kukata kola, akarudi nyuma taratibu, akafunga mlango.

Binti yangu anakusalimu. Anauliza mama mdogo mbona kimya. Na simu zangu mbili hukupokea.

Dada yako,
Fundi


3 Juni

Kwa Mtahiniwa Namba Kumi na Moja,

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili ili pasiwe na kutoelewana.

Jana nilipitia majalada ya darasa zima kabla ya kuja kwa mtahini wa nje. Lako ndilo safi kuliko yote. Ndilo pia pekee lisilo na rasimu hata moja. Rasimu zako zote mbili nilizisoma na kuzitia saini mwenyewe, ninazikumbuka, lakini kumbukumbu yangu haikubaliwi kuwa ushahidi.

Tafadhali soma tena sharti la sita kwenye karatasi niliyowagawia. Mtahini hapimi nakala safi peke yake. Anapima jinsi mwandishi alivyotoka hapa akafika pale, kwa hiyo rasimu lazima zionekane, na tarehe na saini, pamoja na makosa yake. Asiyeziwasilisha hahesabiwi kuwa amemaliza kozi, hata akipata alama zote za mtihani.

Mwisho ni tarehe 28 Juni. Ukiandika upya leo na kuweka tarehe ya zamani nitajua, nami sitatia saini. Samahani kwa kusema hivyo. Najua huwezi kufanya hivyo.

Mwalimu wako wa Kiingereza


5 Juni

Kitinda, mdogo wangu,

Nimekalia kuti kavu. Soma barua ya mwalimu niliyoambatanisha.

Lile sharti la sita nililisoma Februari, nikalielewa kifundi: kwamba rasimu zinatupeleka kwenye nguo, na nguo ikiisha, vipande vinafagiliwa. Kumbe hawa watu wanataka kuona vilevile nilivyofumua! Nimelia, kisha nimejicheka, kisha nimelia tena. Wateja wawili nimewarudisha.

Rasimu zangu unazo wewe. Kola ni rasimu ya kwanza, mikono ni ya pili. Kama zimechakaa, kama zina matobo ya pini, kama watoto wamezichora, zitume hivyohivyo kwa basi la kwanza. Kama umeshazitupa, niambie ukweli nijue moja. Mkuu wa chuo amepita jana akaniuliza nataka meza ya kukatia ya urefu gani. Nikamwambia mita mbili. Sikuwa na uso wa kumwambia kingine.

Dada yako,
Fundi


11 Juni

Dada,

Sijazitupa. Zipo kwenye droo yangu, nimezifungia na ufunguo.

Nitakutumia, siwezi kukuharibia. Lakini kabla sijatuma acha niseme, maana miezi miwili na nusu nimenyamaza na kimya kimenichosha.

Uliniambia nisihangaike na maandishi ya nyuma. Dada, mimi ni mwalimu, ukinipa karatasi yenye maandishi nitaisoma hata kama imefungia karanga. Nilikuwa nabana pini kwenye kola, nikaona Kiingereza chako, nikafurahi: tazama dada anavyoandika! Nikasoma habari ya darasa lenu, dawati lililovunjika, mvua. Nikafika mstari wa mwisho, chini kabisa, karibu na saini nyekundu. Umeandika: siku ile nilimchukia mdogo wangu, kwa sababu. Basi. Karatasi imeishia hapo, baada yake ni shingo ya mtoto.

Nikatafuta kwenye mikono yote miwili. Hamna. Kwenye rasimu ya pili unasema tu ulipenda kushona.

Kwa hiyo sababu nimeijaza mwenyewe, na nimekuwa na muda wa kutosha. Kwa sababu mimi niliendelea na shule na wewe ukaishia kidato cha pili. Kwa sababu mimi nilikwenda chuo, na kila sare niliyovaa uliishona wewe. Nilidhani zilishonwa kwa mapenzi. Nilikuwa najigamba shuleni, dada yangu ndiye fundi. Kumbe nilikuwa nimevaa chuki yako mgongoni, nikiizungusha uwanjani?

Ungeniambia tu. Imeniuma sana.

Mdogo wako


14 Juni

Kitinda wangu, mtoto wa mama yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, ikabidi nikae. Miezi miwili na nusu! Nawe una moyo wa kubeba vitu. Na mimi kichwa maji, nakutumia maneno mazito kama hayo kwa umbo la kola.

Ndani ya bahasha hii kuna mfuko. Nilipokata karatasi za mashati yako nilikata na mfuko wa kifuani, kisha nikakumbuka hukuomba mifuko, nikauweka chini ya mguu wa cherehani, ule mguu unaocheza. Umekaa hapo tangu Machi. Ni ukurasa wa pili wa rasimu ya kwanza. Chukua kola, weka mfuko chini yake, endelea kusoma pale ulipoachia.

Lakini Kiingereza changu cha Machi kilikuwa kinachechemea, acha nikueleze kwa lugha ya nyumbani.

Nilikuwa kidato cha pili. Siku ya jaribio la kuzungumza Kiingereza mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi, hapakuwa na wa kukuangalia, nikaja nawe shuleni. Ulikuwa na miaka mitano, na viatu vya mvua vya kijani ambavyo hukukubali kuvivua hata ndani. Nikakukalisha dawati la nyuma, nikakwambia utulie. Nikaitwa mbele. Dakika tatu, kueleza familia yangu. Nilikuwa nimekariri wiki nzima. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Mwalimu ananitazama, darasa linanitazama, nami nasikia mvua tu kwenye bati. Nilisimama hivyo muda mrefu sana, Kitinda.

Ndipo wewe ukapiga makofi. Ulidhani nimemaliza. Ulipiga kwa nguvu zako zote, peke yako, umesimama juu ya dawati na viatu vyako. Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka mpaka akavua miwani.

Kwa sababu hiyo nilikuchukia, siku ile. Kesho yake sikurudi. Nilimwambia mama nimechoka na daftari, napenda cherehani ya shangazi. Nikaisema hadithi hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba hata kwenye rasimu ya pili niliiandika tena, maana ilinyooka vizuri. Nyote mliiamini kwa kuwa kushona nilipenda kweli, na hadi leo napenda. Wewe shule uliendelea kwa sababu hukuogopa, wala hukuninyang'anya chochote.

Na soma sentensi ya mwisho kwenye mfuko. Nimeandika kwamba nilikuwa mjinga, kwa kuwa katika shule ile nzima mtu mmoja tu aliona nimefanya vizuri, na mtu huyo alikuwa wangu.

Sare zako nilizishona kwa mapenzi. Kila moja. Pindo la ndani nililifanya refu ili ukikua lishushwe. Mtu hashoni hivyo kwa chuki.

Sasa nina ombi. Sharti la tisa: siku ya kuzungumza, kila mtahiniwa aje na msikilizaji mmoja kutoka nje ya shule, ili mtu aongee na watu, si na watahini tu. Ni tarehe 15 Julai, saa nne asubuhi. Nilipanga kumchukua binti yangu. Nakutaka wewe. Ila nakuomba, usipige makofi mpaka nimalize.

Dada yako,
Fundi


17 Juni

Dada Fundi,

Nimeweka mfuko chini ya kola mezani, mbele ya watoto wakila uji, nikasoma. Nikalia na kucheka pamoja. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, shati limekuumiza?" Nikamwambia, lilikuwa limeniuma, sasa basi.

Siku ile siikumbuki hata chembe. Viatu tu ndivyo ninavyovikumbuka. Nisamehe kwa makofi, na nisamehe kwa ile barua ya benki.

Vyote natuma leo kwa basi la asubuhi: kola, mikono na mfuko. Dereva nimemwambia ni mtihani wa dada yangu, ameviweka mbele, juu ya dashibodi. Mkono wa kushoto una picha ya kuku, kazi ya mtoto wa uji. Nilijaribu kuifuta, nikaacha nisije nikafuta na tarehe.

Nitakuja. Shemeji yako tayari ameambiwa atapika mwenyewe.

Kitinda wako


29 Juni

Kwa Mtahiniwa Namba Kumi na Moja,

Mama,

Jalada lako limepokelewa jana alasiri, kabla ya muda kwa saa moja na nusu.

Mtahini wa nje aliitoa kola, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama hii ni rasimu. Nikamsomea sharti la sita tangu mwanzo hadi mwisho. Linataka tarehe, saini na makosa. Vyote vipo. Halisemi popote rasimu iwe na umbo gani. Akaniomba pini, akaviunganisha vipande vyote mezani, akasoma akiwa amesimama. Alikuwa na neno moja tu: kwamba rasimu ya kwanza ni ya kweli kuliko nakala safi. Nami nilikuwa nimekuandikia hivyo kwa wino mwekundu, lakini maneno hayo uliyakata ulipotengeneza shingo.

Unaruhusiwa kuirekebisha nakala safi hadi tarehe 10 Julai. Nakushauri ufanye hivyo. Kuku haathiri alama.

Mwalimu wako wa Kiingereza


18 Julai

Dada Fundi,

Nimefika salama, viganja bado vinawaka moto.

Niambie kitu kimoja, maana pale nje ulizungukwa na wale vijana wako na sikupata nafasi. Katikati ulinyamaza. Ulikuwa umefika pale pa kugeuza kola, ukasimama, kalamu za watahini nazo zikasimama. Mwalimu wako akawa anatazama viatu vyake. Dada, roho ilinitoka. Kisha ukatabasamu, ukaendelea mpaka mwisho bila kukwama tena. Uliona nini?

Kitinda wako


9 Desemba

Kitinda wangu,

Julai uliniuliza swali nikalikwepa, nikasema nitajibu majibu yakitoka. Yametoka leo asubuhi. Mwalimu alikuja mwenyewe dukani, akasimama mlangoni, akasahau Kiswahili na Kiingereza, akanipa tu karatasi.

Nimefaulu. Nimefaulu, mdogo wangu! Insha ndiyo iliyonibeba, ile mpya, niliyoiandika upya bila kuficha. Meza ya mita mbili imeshafika chuoni, nimekwenda kuipapasa. Kola, mikono na mfuko nimerudishiwa. Vitatundikwa ukutani pale darasani, upande wa maandishi, na kuku wake, ili wanafunzi wangu wajue nyuzi za kushikizia hazina aibu.

Sasa jibu. Nilipokwama nilisikia mvua ileile kwenye bati, na siku ile hata wingu halikuwapo. Nikakutafuta kwa macho. Nikakuona kiti cha nyuma, mtu mzima na miwani yako, umeikalia mikono yote miwili na kukunja uso, kama mtoto anayejizuia kwenda haja. Ulikuwa umeahidi na unatimiza. Nikataka kucheka, na kicheko kilipopanda, sentensi nayo ikapanda nacho.

Nilipomaliza ukaitoa mikono. Ulipiga makofi peke yako tena, kwenye chumba cha mtihani, mtahini akanyanyua kidole kukukataza, nawe hukumwona. Nilisimama palepale mbele, nikakuacha upige.

Dada yako,
Mwalimu wa ushonaji